Mzee wa Ndoo

Shemeji yangu, mume wa dada, hajawahi kuingia baharini zaidi ya vifundo vya miguu. Aliwahi kuniambia mwenyewe, bila haya yoyote, kwamba maji ya chumvi humwasha ngozi na mchanga humkera ukiingia kwenye soksi. Soksi, ufukweni. Lakini ndiye aliyeajiriwa kutuambia bahari ilikuwa na joto kiasi gani kabla babu zetu hawajazaliwa, na anatuambia kwa sauti ya mtu aliyeyapima maji hayo bafuni kwake asubuhi ileile.

Ofisi yao iko ghorofa ya juu kabisa ya jengo ambalo lifti yake huishia ghorofa moja chini. Kila anayekwenda kumwona hufika akihema, naye humpokea ametulia, utadhani alizaliwa huko juu. Ni chumba kirefu chenye mapazia ya plastiki yaliyokatika kamba, meza zilizopeana migongo, na kiyoyozi kinachodondosha maji kwenye beseni. Humo ndani watu wasomi wanasahihisha namba zilizoandikwa na wafu.

Kazi yenyewe, nisimwonee mtu, si ya kipuuzi. Zamani, kabla ya maboya yenye mitambo ya kujipimia, joto la bahari lilipimwa na mabaharia. Mtu alitupa ndoo ubavuni mwa meli, akaivuta kwa kamba, akatumbukiza kipimajoto, akasubiri, akaandika. Sasa ndoo ya turubai ikipigwa na upepo, maji yake hupoa kama nguo mbichi inavyopoa ikianikwa, na kipimajoto husoma baridi kuliko bahari yenyewe. Baadaye meli zikaanza kupima maji yanayoingia kwenye bomba la kupozea injini, na kule chini, jirani na mitambo inayonguruma, maji hupata joto kidogo kabla hayajapimwa. Ukizichukua namba zote jinsi zilivyo, utadhani bahari ilipandisha homa kwa ghafla, kumbe mabaharia walibadilisha zana tu. Kwa hiyo za ndoo huongezewa kidogo, za injini hupunguzwa kidogo. Hata mimi ninayefundisha jiografia watoto wasiotaka kuijua, naona hiyo ni akili.

Shemeji akapewa ndoo. Kwa miaka yote ya utumishi wake kazi yake imekuwa kuzijua ndoo za meli ambazo kutu ilishazimaliza: ipi ilikuwa ya mbao, ipi ya turubai, ipi iliachwa juani kabla ya kutupwa majini. Wenzake wanamwita Mzee wa Ndoo. Wanamtania, yeye anadhani ni cheo.

"Sikiliza, shemeji," aliniambia siku moja mezani, kijiko kikiwa hewani. "Baharia hasemi uongo. Baharia anaandika anachokiona. Lakini anachokiona sicho kilichopo. Katikati ya hivyo viwili ndipo ninapokaa mimi."

"Pembamba hapo," nikamwambia.

"Pembamba sana!" akasema, akafurahi kweli. Kejeli humpita mtu yule bila hata kupiga hodi.

Kama angeyaacha hayo ofisini, nisingekuwa na neno naye. Wako wanaume wengi wanaochosha wakiwa kazini, na dunia inaendelea. Yeye alirudi nayo nyumbani kila jioni, akamgeuza kila mtu wa nyumba ile kuwa ndoo. Binti yao akisema amesoma mpaka macho yanauma, yeye hujibu, "Toa theluthi, hiyo ni ya kujionea huruma." Jirani akisema maji hayajatoka wiki nzima, atasema, "Jirani huyu hukadiria juu." Kila mtu alikuwa na sahihisho lake, na yeye peke yake hakuwa nalo. Mimi sijui langu lilikuwa kiasi gani, ila niliona akinisikiliza kwa jicho moja limefumba kidogo, kama mtu anayepiga hesabu.

Sahihisho kubwa kuliko yote lilikuwa la dada yangu. Alilitangaza mbele za wageni.

"Mke wangu hutia chumvi," angesema, akijipapasa tumbo. "Akisema anaumwa sana, maana yake anaumwa. Akisema anaumwa, maana yake kalalia ubavu vibaya. Nimeishi naye, ninazo takwimu."

Wageni walicheka. Dada naye alicheka, akikusanya vikombe. Nilikuwa namtazama nikijiuliza ni lini mtu hujifunza kucheka hivyo, mdomo peke yake.

Kwa sababu mimi nimekua na dada yangu, nimelala naye kitanda kimoja, na najua kwamba hajawahi kutia chumvi kwenye jambo lolote. Yeye ni wa kupunguza. Alipoanguka kwenye ngazi za shule akavunjika mkono, alimwambia mama, "Nafikiri nimeteguka," huku mfupa ukisukuma ngozi kama kijiti ndani ya mfuko. Ukitaka ukweli wa dada yangu, chukua alichosema, uzidishe. Mumewe aliishi naye ndani ya nyumba moja mpaka nywele zikaanza kumtoka, asilione hilo. Msomi wa makosa ya vipimo!

Jumamosi moja mchana dada akanipigia simu.

"Mdogo wangu, una nafasi? Tumbo linanisumbua kidogo."

Sikumaliza hata kufunga kamba za viatu. Nilichukua teksi, nikamwomba dereva asiondoke, anisubiri chini.

Nilimkuta amejikunja kwenye kochi, magoti yamegusa kidevu. Binti yake alikuwa amepiga magoti sakafuni anamfuta jasho kwa kanga. Shemeji alikuwa meza ya chakula, kompyuta mbele yake, anachapa kwa vidole viwili kwa hasira. Wiki ile mtakwimu wa ofisi yao, mama mmoja mkimya anayekaa meza ya karibu na beseni, alikuwa amemwambia kwamba fungu zima la meli alizoziongezea joto huenda halikutumia ndoo kabisa. Shemeji alikuwa anaandika jibu la kumnyamazisha.

"Linauma wapi, dada?"

"Lilianzia kitovuni. Sasa limehamia huku kulia."

"Sana?"

"Si sana. Nashindwa tu kunyooka."

"Umemsikia mwenyewe," Shemeji akasema bila kuinua macho. "Si sana. Na hapo bado hujatoa chumvi."

"Ukitoa chumvi kunabaki nini, shemeji?"

"Gesi."

Binti akaleta kipimajoto, akamwekea mama yake mdomoni, akasubiri, akasoma kwa sauti: thelathini na nane na nusu. Hapo ndipo Shemeji aliponyanyuka. Si kwa ajili ya mke. Kilichomnyanyua ni kwamba kipimajoto kilikuwa kimesomwa nyumbani mwake na mtu mwingine. Akakichukua, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akatikisa kichwa kama fundi aliyeonyeshwa kazi ya fundi mwenzake.

"Amekunywa chai."

"Nini?"

"Chai. Kikombe kile pale." Akakinyooshea kidole, juu ya kistuli kando ya kochi. "Kinywaji cha moto hupandisha usomaji wa mdomoni. Toa digrii moja na kitu. Anabaki na joto la mtu aliyejikunja kwenye kochi."

Akarudi mezani kwake.

Nilikitazama kile kikombe. Kilikuwa kimejaa mpaka ukingoni. Utando wa maziwa ulikuwa umeshaganda juu, umekunjamana kama ngozi ya kiwiko, hauna hata alama ya mdomo.

"Baba, hajainywa," binti akasema. "Mimi ndiye niliyempa. Hajaigusa."

"Huenda alikunywa nyingine kabla."

"Nyingine ipi? Nimekuwa hapahapa tangu asubuhi."

"Nimesema huenda."

Na dada yangu, kwenye kochi, akasema taratibu, "Sikunywa." Mumewe alikuwa ameshaanza kuchapa.

Tukamshika mabega, mimi upande huu, binti upande ule, tumshushe kwenye teksi. Tulikuwa hatujafika mlangoni alipotoa pumzi ndefu, mwili ukalegea mikononi mwetu.

"Limeachia," akasema. Machozi yakamtoka kwa faraja. "Jamani, limeachia lenyewe."

"Mnaona?" Shemeji akageuka na kiti chake, mikono nyuma ya kisogo. Sitasahau ule uso. Nimeona watu wamefurahi kwa kupata mtoto, kwa kufaulu mtihani, kwa kusikia mpendwa wao ametoka salama. Sijaona uso uliofurahi kama ule wa mtu aliyedhani hesabu yake imekubali. "Nilisema gesi. Mrudishe dereva wa watu."

"Dereva atakaa," nikasema.

"Shemeji, wewe nawe unapenda makubwa."

"Napenda. Vaa viatu au ubaki."

Dada akaomba tusiwasumbue watu wa hospitali. Nikamwambia tutawasumbua, wamesomea kusumbuliwa. Tulipofika chini alikuwa ameanza kutetemeka, midomo imepauka kama jivu. Shemeji akaja nyuma yetu na begi la kompyuta begani. Mke anabebwa na wanawake wawili, yeye kabeba kompyuta.

Mapokezi ya hospitali kulikuwa na nesi mnene aliyechomeka kalamu kwenye nywele.

"Maumivu yako mama, ukiyapa alama kuanzia moja mpaka kumi, yako wapi?"

"Tano," dada akasema, meno yakigongana.

"Andika tatu," Shemeji akasema juu ya bega lake.

Nesi akamtazama kuanzia kwenye upara mpaka kwenye viatu. "Wewe ndiye mgonjwa?"

"Mimi ni mume wake."

"Aa. Basi kakae pale kwenye benchi na waume wenzako."

Daktari alimbonyeza dada tumbo, akaachia ghafla, na dada akapiga ukelele uliowasimamisha watu waliokuwa korido. Ilikuwa kidole tumbo, na kilikuwa kimeshapasuka. Daktari alitueleza haraka huku akivua glavu: ule unafuu wa mlangoni ndio ulikuwa kupasuka kwenyewe. Maumivu hushuka kidogo, halafu usaha husambaa tumboni. Tungemsikiliza aliyesema mrudisheni dereva, tungekuwa tunazungumza mengine.

"Lakini joto lake lilikuwa..." Shemeji akaanza. Daktari alikuwa ameshaondoka.

Dada akapona, lakini si kwa mkato. Alilala wodini na mpira ubavuni unaotoa uchafu, akakonda mpaka pete ikawa inamvuka kidoleni. Nilikuwa nakaa naye mchana, tukitazama dirishani ukuta wa jengo la pili, ambapo mtu fulani alikuwa anaanika mashuka kila siku kwa utaratibu uleule. Siku moja akaniambia, macho yakiwa kwenye yale mashuka:

"Unajua, sitaki aniombe msamaha."

"Unataka nini?"

"Nataka aseme tu kwamba ile chai sikuinywa."

Nikadhani anatania. Hakuwa anatania. Alikuwa amekatwa tumbo, ameoshwa matumbo, ameshonwa, na katika yote hayo kilichomkaa kooni ni kikombe kimoja cha chai. Nilivyozidi kulifikiria ndivyo nilivyozidi kuona kwamba hakuomba kidogo. Aliomba jambo lote zima. Kama hakuinywa, basi joto lilikuwa lake. Na kama joto lilikuwa lake, basi hata "si sana" yake ilikuwa ya kuaminiwa, na miaka yote ile ya wageni kucheka ilikuwa ya watu kucheka bure.

Wakati huohuo kule ghorofani mambo yalikuwa yamemwendea Shemeji kombo, halafu yakamnyookea. Mama wa takwimu hakunyamazishwa. Aliweka grafu mezani, na grafu haibishani. Shemeji akakubali, na akaamua kukubali hadharani, kwenye semina ya ofisi, na familia zikaalikwa. Binti akaniomba niende naye badala ya mama yake. Tukapanda zile ngazi za mwisho tukihema kama wengine.

Alikuwa amevaa tai. Akasimama mbele ya ukuta mweupe uliokuwa na picha ya meli kuukuu, akaeleza vizuri, siwezi kumnyima hilo. Meli zile zilikuwa za wakati wa vita. Maagizo ya karatasi yalisema pima kwa ndoo, naye akaamini karatasi. Lakini wakati wa vita, nani angetembea juu ya meli gizani na taa mkononi, adui amwone, kwa ajili ya kupima maji? Waliuliza watu wa chumba cha injini, wakaandika jibu. Na namba zenyewe zilikuwa zikisema hivyo muda wote: za ndoo hupanda mchana na kushuka usiku pamoja na hewa, zile zilikuwa hazichezi. Zilikuwa na joto la injini tayari, yeye akaziongezea lingine.

"Nimesahihisha ndoo ambayo haikutupwa baharini," akasema, sauti ikakwama mahali pazuri. "Sikuwasikiliza. Mabaharia wale hawapo, lakini nawaomba radhi. Kosa ni langu, langu peke yangu."

Watu wakapiga makofi. Mkurugenzi akasimama, akamwaga sifa: uungwana, ujasiri, mfano kwa vijana. Mama wa takwimu alikuwa safu ya nyuma anatafuna mfuniko wa kalamu; jina lake lilipita ndani ya neno "wenzangu" na kutokomea humo. Bibi mmoja mbele yangu alijifuta macho kwa ajili ya mabaharia.

Binti akaniegemea. "Mama mdogo," akanong'ona, "kumbe anajua jinsi ya kusema."

Ndiyo, alijua. Hapo ndipo dharau yangu ilipokamilika. Kabla ya hapo nilikuwa namdhania ni mjinga, na mjinga mtu humwonea huruma.

Tulipokuwa tunashuka, binti akamshika mkono wa koti. "Baba, na ile chai?"

"Chai gani?"

"Ya mama."

Akatazama nyuma kama kuna mwenzake anayesikia. "Ile ni tofauti, mwanangu. Pale hakuna takwimu. Ni usomaji mmoja."

Dada alirudi nyumbani akitembea ameshikilia ubavu. Akamwambia mumewe mwenyewe, mara moja tu, na mimi nilikuwepo, nakunja nguo alizokuja nazo kutoka wodini.

"Baba, ile chai sikuinywa."

"Mama, yamepita hayo. Umepona."

"Najua nimepona. Nasema sikuinywa."

"Kwa taarifa zilizokuwepo siku ile, ilikuwa dhana ya busara."

"Taarifa nilikuwa mimi," dada akasema. Hakupandisha sauti. "Nilikuwa nimelala pale. Nilikwambia."

Shemeji akavua miwani, akaipangusa, akaivaa. Nikaona anapiga hesabu, jicho moja limefumba. Mtu aliyewaomba radhi wafu wa meli nzima mbele ya mkurugenzi alikuwa anatafuta jinsi ya kutoka kwenye kikombe kimoja. Akapata.

"Basi tuseme ulionja," akasema kwa upole, kama anayetoa zawadi. "Tuseme ulionja kidogo."

Dada akamgeukia. Nilingoja arushe kitu. Ningemwokotea cha kurusha.

"Tuseme," akasema. Akanipokea shati mkononi, akaendelea kulikunja.

Tangu siku ile hajamwambia mumewe neno hata moja kuhusu mwili wake. Hajanuna, wala hajahama. Anapika, anacheka panapochekwa, anamuuliza habari za ofisi. Kichwa kikimuuma, ananipigia mimi. Anapokwenda kliniki kutazamwa kovu, tunakwenda wawili, na nyumbani hakuna anayeulizwa wala anayeelezwa.

Naye kaipenda hali hiyo. Juzi aliwaalika watu wa ofisini, na nikamsikia nikiwa mlango wa jikoni.

"Tangu ile operesheni, mke wangu hajalalamika hata mara moja," alikuwa anawaambia, akijipapasa tumbo. "Hata mara moja! Amekuwa mtu mwingine. Lile tatizo la kutia chumvi limekwisha kabisa."

"Hajalalamika," mama wa takwimu akauliza, "au hajakwambia?"

"Si kitu kilekile hicho?"

Wengine wakacheka. Mama wa takwimu akaweka kikombe chake chini, akatazama mlango wa jikoni, na macho yetu yakakutana kidogo kabla hajayaondoa.

Nyuma yangu dada alikuwa ameshikilia ukingo wa sinki. "Mdogo wangu," akasema, "hapa panavuta kidogo."

Nikachukua mkoba wangu na wake. Tukapita sebuleni mbele ya wageni, dada amejinyoosha wima kama mtu anayekwenda kupokea cheti, paji la uso linang'aa jasho. Mtu yeyote mwenye macho angeliona. Chumba kile kilikuwa kimejaa watu wanaoweza kukwambia baharia aliyekufa alisimama upande gani wa meli.

"Mnakwenda wapi tena?" Shemeji akauliza.

"Sokoni," dada akasema.

Safari hii hakutoa theluthi, hakufumba jicho. Alilipokea neno zima kama lilivyosemwa, akatuomba tukirudi tumletee ndimu.